Mkono wa Poni Ndani ya Mashine

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaaminisha wengine, kwamba Poni alichukuliwa na ndege tupu. Si kwamba alipanda ndege pamoja na abiria wengine, hapana. Ndege nzima, yenye viti vya kutosha kata yetu yote, ilitua Juba bila mtu ndani, ikazima injini, rubani akashuka mwenyewe kofia mkononi na kuuliza, "Poni yuko wapi?" Sababu ni kwamba kampuni moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa imesikia habari za mwanamke wa mtaa wa Hai Mauna ambaye vidole vyake vikigusa programu yoyote ya kompyuta, kasoro zote hutoka mbio zenyewe kama panya nyumba inapoungua. Nimeisimulia habari hiyo Kitale na Eldoret, kwenye harusi, kwenye mikutano ya wazazi shuleni, na siku moja kwa daktari aliyekuwa ameshika jino langu kwa koleo. Kila nilipoisimulia, ndege ilinenepa. Lakini kiini chake, yaani Poni alikwenda ng'ambo na mambo yakamnyookea, hicho sikukiongezea chumvi hata punje. Nilikiamini kama ninavyoamini kwamba ugali ni chakula.

Ndiyo maana Otim aliponipigia simu kutoka Arua kuniambia, "Wafula, Poni yetu amekufa, matanga iko kwao Gudele," nilifikiria kwanza jeneza likishushwa kutoka kwenye tumbo la ndege kubwa. Otim alikuwa mpishi na dereva wetu mwaka ule tulipofanya kazi Juba. Sasa miguu yake imekataa safari, akaniomba niende kwa niaba yetu sote. Nikapanda ndege Nairobi. Tulipokuwa tunashuka Juba nilibana uso dirishani nikitafuta ile iliyomleta. Gudele, ambayo mimi niliiacha ikiwa nyasi na vibanda vya kuhesabika, imekuwa mji mzima wa mabati. Nyumba ya msiba nilionyeshwa na mwenye duka wa Kiganda aliyenipima kwa macho akasema, "Wewe ni wa kazi ya zamani ya marehemu, eh?" Palikuwa na turubai, viti vya plastiki, wanawake wameketi kwenye mikeka, na sufuria ya chai inayotosha kumwogeshea ng'ombe. Keji, mdogo wake Poni, alinipokea. Mara ya mwisho nilimwona akiwa msichana wa sketi ya shule; sasa alikuwa mama mwenye sauti ya taratibu. Nikampa pole. Halafu, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kusubiri akili, nikauliza, "Dada, mwili umefika na ndege gani?"

Alinisogezea kiti cha plastiki. Hakukasirika. "Kaka, keti kwanza," alisema. "Umetoka mbali. Kunywa chai." Nikaketi, nikapewa kikombe, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinisemesha, mwaka ule wote ukaja ukaketi pembeni yangu.

Ilikuwa miaka ya ile amani, vita vimekwisha na kura ya uhuru wa Sudan Kusini bado haijapigwa, na Juba ilikuwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye cheti na viatu vilivyofungwa kamba aliitwa mtaalamu. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Kompyuta nilisoma masomo ya jioni, ghorofa ya juu ya baa, mwalimu akishindana na spika za chini, kwa hiyo nilihitimu nikijua kompyuta pamoja na nyimbo zote za msimu ule. Bosi wetu, Njoroge, tulimwita Mzee ingawa ndevu zake zilikuwa bado zinatafuta njia. Alikuwa na kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya kuandikisha mizigo kwa watu waliokuwa wakipokea mizigo uwanja wa ndege. Waandishi wa programu walikaa Nairobi. Kila wiki walituma toleo jipya ndani ya flashi, mfukoni mwa abiria yeyote mwenye uso wa kuaminika, kwa sababu mtandao wa Juba wakati huo ulikuwa unatembea kwa magoti. Mimi niliipokea flashi, nikaweka programu kwenye kompyuta. Poni aliijaribu. Ikipita mkononi mwake, ndipo inakwenda kwa mteja.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Hai Mauna kilichokatwa katikati kwa mbao nyembamba za plaiwudi: upande huu meza zetu, upande ule meza ya Mzee. Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kila alipowasha mashine yake taa zetu zilikonyeza. Nje chini ya bati Otim alipika. Nikisema Otim alipika, naomba nieleweke: maharagwe yake yangeweza kusuluhisha vita kabla ya wanasiasa. Siku nyingine alipata samaki mkavu na mboga ya bamia iliyovutika kama kamba ya viatu, akaipakua juu ya ugali aliouita posho na kupiga kelele, "Chakula! Anayechelewa anakula sahani!"

Kazi ya Poni ilikuwa kujifanya watu wengine. Akikaa mbele ya skrini aligeuka karani mchovu, akabonyeza kitufe mara mbili kwa hasira. Akageuka karani mgeni, akaandika herufi mahali pa kilo. Akageuka karani mwenye simu, akaacha ukurasa katikati na kurudi baadaye kama aliyesahau alikuwa wapi. Kila toleo jipya alianza tena ukurasa wa kwanza: mtumaji, mpokeaji, uzito, risiti, kutoa mzigo, kufuta. Alikuwa na tabia ya kuzungusha kishale kwenye kitufe kabla ya kubonyeza, mzunguko mdogo wa taratibu, kama mtu anayepangusa kiti kabla ya kukalia. Akipata kasoro alipiga meza kofi: "Kalas! Imekufa!" Siku ukurasa wa risiti ulipoanguka, kicheko chake kilifanya mbuzi wa Hai Mauna wakate kamba. Labda si wote.

Majina aliyoandika hayakuwa ya kubuni. Nilimwona wiki baada ya wiki akimtumia baiskeli mtu yuleyule.

"Dada Poni, huyu Lado Wani ni nani, kila wiki anapata baiskeli?"

"Ndugu yangu."

"Yuko hapa Juba?"

"Hayuko. Alibaki huko msituni, wakati ya vita." Vidole havikusimama. "Alikuwa anapenda baiskeli sana. Sasa iko napata kila wiki. Atafungua duka."

"Na huyu Lado Wani mwingine?"

"Huyo ni baba mdogo. Yeye sukari tu."

Baba mdogo naye alikuwa marehemu. Na mama yake, aliyetumiwa vitenge, na jirani wa kambi ya wakimbizi, aliyetumiwa redio. Kwa watu wa Poni jina hufuata jinsi watoto walivyofuatana kuzaliwa, kwa hiyo Lado yuko kila nyumba na Wani yuko nyumba ya pili. Tarehe za kuzaliwa nazo walipewa na makarani wa kambi, ambao hawakuwa na muda wa kuuliza mvua ya mwaka gani. Wote wakaandikwa tarehe mosi Januari. Poni mwenyewe alikuwa wa tarehe mosi Januari. "Juba yote ni mapacha," alinieleza, akamtumia mama yake kitenge kingine.

Kiti kile ndicho kilichomtoa Keji kambini Uganda na kumweka shule. Poni hakuficha jambo hilo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta alikipigapiga kiti mgongoni kama punda mwema, akasema, "Twende, mwalimu wa Keji." Tulicheka wote. Lakini tulijua pia kwamba kiti kikiondoka, shule ya Keji inaondoka.

Halafu Mzee Njoroge akarudi kutoka Nairobi na programu ya kujaribu programu. "Wasee, hii ni uchawi," alisema, bado ana vumbi la uwanja wa ndege kwenye nyusi. "Unairuhusu ikuone ukifanya kazi mara moja. Ikishaona, inafanya yenyewe, milele." Poni alifurahi kuliko sisi sote. Kurudia kurasa zilezile kulikuwa kunamchosha. Nilishamwona akisinzia huku kidole kinaendelea kubonyeza. Akakaa asubuhi nzima akifanya kila kitu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuandika, na mashine ikarekodi. Alipofika katikati Otim akaita, "Chakula!" Poni akainuka, akala, akanawa, akarudi, akaendelea. Hatukujua kwamba mashine ilirekodi pia ule muda wa kula.

Tulipoirudisha ikimbie yenyewe, kishale kilianza kutembea peke yake. Kikafika kwenye kitufe, kikazunguka ule mzunguko mdogo, kikabonyeza. Baiskeli kwa Lado Wani. Sukari kwa Lado Wani. Otim, aliyekuwa mlangoni na mwiko, alifanya ishara ya msalaba, na mpaka leo nashikilia kwamba alikimbia mpaka daraja la Nile. "Angalia!" Poni alipiga makofi. "Mimi huyo! Mimi iko ndani!" Kisha kishale kikasimama katikati ya ukurasa. Tukangoja. Tukadhani imeharibika, mpaka Poni akagundua na kucheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. "Nakula," alisema. "Wacheni nimalize."

Mchana mmoja tukiwa juu ya sahani, Mzee aliuliza maoni yetu, mkono au mashine. Sikumbuki mkutano mwingine wa kazi ambao watu walisema kweli hivyo. Mimi nilisema mashine haisinzii, nayo ni kweli. Otim alisema mashine haijui kama maharagwe yameungua mpaka uiambie harufu ni nini, nalo alilisema kwa kujisifu tu, maana maharagwe yalikuwa yameungua. Poni alingoja tumalize. "Mzee, hii mashine ifanye ile ya zamani, ile mimi nimeshafanya. Mimi nifanye ile mpya, ile yenye bado hakuna mtu ameona. Ikizoeleka, naonyesha mashine, halafu mimi naenda mbele." Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali. "Hiyo ni poa, Poni. Hiyo ni poa sana." Na nadhani alimaanisha. Alikula samaki wote na kulamba kidole.

Lakini siku chache baadaye alikuwa upande wake wa plaiwudi, kwenye simu na watu wa Nairobi. Plaiwudi ile haikuzuia hata kikohozi. Mimi nilikuwa mezani. Poni alikuwa nje dirishani, ananawa mikono kwenye bomba la jerikeni. "Hapana, nimeelewa, hatuwezi kubeba zote mbili," Mzee alikuwa akisema. "Sawa, tuchague. Mashine haili. Haiugui. Haiombi ruhusa ya kwenda mazishi." Akasikiliza. "Poni? Poni tayari tunaye. Yuko ndani ya mashine." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka simu iishe.

Maji ya jerikeni yaliendelea kumwagika mpaka yakakatika. Poni akaingia, mikono inadondosha. "Kaka Wafula," aliniuliza, "sabuni iko wapi?" Sabuni ilikuwa mkononi mwake.

Aliambiwa rasmi mwisho wa wiki, kwa adabu, kwa maneno kama "kwa sasa" na "tutakuita." Angeweza kuondoka saa hiyohiyo. Kurasa za kufuta mizigo alikuwa bado hajaionyesha mashine, na bila hizo mashine ingekuwa nusu mtu. Alikaa akazirekodi zote, kwa utulivu uleule, mzunguko uleule kabla ya kila kitufe. Sikuelewa wakati huo na sijui kama naelewa sasa. Pengine alidhani wakiona kazi nzuri watabadili mawazo. Pengine hakujua namna nyingine ya kufanya kazi. Alipomaliza alikipiga kiti mgongoni mara moja.

Baada ya hapo kila wiki niliweka flashi, nikawasha mashine, na Poni akaja. Kishale kilizunguka, kikabonyeza, kikamtumia Lado baiskeli. Kilipofika katikati kilisimama, na Otim akachungulia mlangoni. "Anakula," alisema kwa sauti ya chini, nasi tukangoja mpaka amalize. Ningeweza kuufuta muda ule. Ilikuwa kazi ya kubofya kidogo tu. Hakuna aliyeniomba, nami sikuthubutu.

Ndipo Otim alipoleta habari. Alikuwa amemwona Poni kwa macho yake barabara ya uwanja wa ndege, gauni la kanisani, begi mkononi, anatembea haraka. Ni hayo tu aliyoyaona. Mimi nikauliza, "Ameitwa na nani?" Otim akasema, "Kazi ya kompyuta, lazima." Fundi wa kuchomelea akasema alisikia siku hiyo ndege moja imeondoka bila watu. Mzee Njoroge akaja akaongeza kwamba kampuni za ng'ambo zinawatafuta sana watu wa kujaribu programu, na kwa kweli zilishamwuliza juu ya Poni. "Mnaona? Nimemtoa kwenye vumbi." Kufikia Ijumaa ndege ilikuwa imepata rubani na kofia. Maharagwe ya siku hiyo yalikuwa matamu. Tulikula kwa vicheko, na kiti kitupu hakikutuangalia tena.

Kisha Nairobi wakabadilisha sura ya programu. Vitufe vilihama. Kishale cha Poni kikaenda mahali pake pa zamani, kikazunguka hewa, kikabonyeza pasipo na kitu, kikaendelea na ukurasa uliofuata kwa imani ileile. Nilimtazama akipangusa kiti kisichokuwepo, tena na tena, hadi nikazima skrini. Wakarekodi upya wenyewe kule Nairobi. Wapokeaji wao waliitwa Jaribio Moja na Jaribio Mbili, kila mmoja na siku yake safi ya kuzaliwa, na mashine ikasema yote ni sawa. Lado hakupata baiskeli tena.

Toleo lile lilikuwa na desturi mpya: likiona jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, linaamini ni mtu mmoja, linaunganisha. Juba yote ni mapacha. Mzee mmoja alifika kuchukua cherehani alichotumiwa na mwanawe, akaambiwa Lado Wani ameshachukua. "Lado Wani ni mimi," alisema. Mwenzake wa jina alikuwa ameshavuka mto na cherehani, bila kosa lolote, karatasi inasema ni chake. Yule mzee alikuja mpaka ofisini kwetu, akasimama katikati ya chumba, akauliza kwa upole nani hapa anayewajua watu. Kulikuwa na mimi na mashine. Baada yake wakaja wengine, na mwisho wa mwaka mteja alituacha, plaiwudi ikang'olewa, Otim akarudi Arua, nami nikarudi Kitale.

Siku hizi nafundisha vijana kazi ya kujaribu programu, na kila kundi linaniuliza swali lilelile la Mzee Njoroge, mkono au mashine, kama chai au kahawa. Nawaambia mashine ni nzuri kwa njia ambayo mtu ameshaipita. Kisha nawasimulia Poni. Kama angekuwa kitini siku ile, angeikamata kasoro ile? Napenda kusema ndiyo, na kwa sauti kubwa. Lakini alisinzia wakati mwingine, na siku nyingine Lado wote wawili aliwasahau akampa kila kitu mama yake. Sijui. Mwishoni huwa nawaletea ndege, maana vijana wakiondoka na huzuni hawarudi darasani, na ndege ile imenisaidia mimi mwenyewe kuliko ninavyoweza kueleza.

Chai yangu ilikuwa imepoa. Keji alikuja akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Kaka, umeuliza ndege."

"Ndiyo. Ile ya ng'ambo. Otim alimwona siku anaondoka, na begi."

"Ile siku nakumbuka. Begi ilikuwa na viatu vyake vya kazi. Alikuwa anaenda pale uwanja wa ndege kuomba kazi ya kufagia. Hawakumpa. Akaanza kuuza makaa." Alitazama chini ya turubai, kwenye mlango wa nyumba, ambako magunia ya mkaa yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. "Mimi nimesoma na hiyo makaa. Poni hakupanda ndege hata siku moja, kaka. Alikuwa tu hapa. Nyinyi ndio mlienda."